Meza ya Chuma Nyuma ya Nyumba ya Mama Thuo

Wewe uliyepewa kurasa hizi, nakuomba kabla hujafika mstari wa tatu: usimwambie mtu. Usizisome kwa sauti penye watu, hata wakiwa watu wa nyumbani mwako. Usiziache juu ya kiti ukaenda kuchota maji. Humu hakuna wizi wala siasa. Kuna mtu mmoja tu ambaye riziki yake itakatika siku majirani watakapojua ninayoyaandika, na mtu huyo ni kaka yangu. Kama unajijua huwezi kunyamaza, zikunje sasa hivi umrudishie aliyekupa. Sitakulaumu.

Jumamosi, 5 Machi 1977

Ofisi yetu hufungwa adhuhuri siku ya Jumamosi. Nilipita chumbani kwangu Makina kubadilisha viatu, kisha nikatembea hadi mtaa wa Gatina kumwona kaka yangu Okeyo. Wiki iliyopita aliacha kazi ya kuchomelea vyuma katika karakana moja ya Industrial Area. Amewaambia watu kwamba amechoka kuajiriwa. Hata mimi aliniambia hivyo.

Alinikaribisha, akainua birika, akamimina chai nje ya kikombe. Ilitiririka mezani hadi ikamfikia gotini, na hapo ndipo alipoacha kumimina.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi mmoja wetu anaona."

Akanieleza huku ametazama ukuta. Miaka yote ile ya kuchungulia moto kwa kioo cheusi kilichopasuka imemla macho katikati. Pembeni anaona vizuri. Anaweza kutembea, kuvuka barabara, kujua nani anapita. Lakini kitu anachokitazama moja kwa moja hakipo. "Nikikutazama, Filister, naona skafu na mabega. Uso umekaliwa na kitu kama moshi." Ndiyo maana siku hizi huongea na watu akiwa ameangalia kando. Gatina nzima inasema ana maringo, na nakiri hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Nililia. Akaniambia nilie polepole, kuta ni za mabati.

Mwenye ploti anayoishi Okeyo ni Waceke, ambaye sote tunamwita Mama Thuo. Ana kiwanja kingine karibu na barabara na anataka lango la chuma la milango miwili. Amempa Okeyo kona iliyo nyuma ya nyumba yake ya mawe afanyie kazi. Lango likisimama sawasawa kabla mvua hazijaisha, kona hiyo itakuwa karakana ya Okeyo. Likipinda, mwanawe Thuo atajenga hapo vyumba vya kupangisha, na Okeyo atarudi nyumbani kwetu kando ya ziwa.

"Nikakae kwa mama nikingoja kupewa uji," akasema.

"Utatengenezaje lango usiloliona?"

"Lango baadaye. Kwanza meza. Meza ya kuchomelea ikinyooka, lango likilazwa juu yake haliwezi kupinda hata likitaka. Nyaminwa, wewe utakuwa macho ya meza. Halafu meza itakuwa macho yangu."

Nyaminwa ni dada yetu, kwa Kijaluo. Huniita hivyo akitaka kitu.

"Mimi ni karani, Okeyo."

"Kwani chuma kitakuuliza?"

Jumamosi, 12 Machi

Tulikwenda kununua chuma kikuukuu. Okeyo hakuyatazama yale mabamba. Aliyagonga moja moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mama anayechagua chungu.

"Wewe unanunua ama unabisha hodi?" mwenye duka akamuuliza.

"Nabisha. Haya ya kwanza hakuna mtu ndani. Hili limenijibu."

Aliyachagua mawili mapana ya sakafu ya lori, mazito kiasi kwamba mkokoteni ulizama kwenye tope la Gatina, ambalo halingoji mvua, na watu watatu tusiowajua wakatusaidia kuusukuma. Yataunganishwa katikati yawe uso wa meza. Miguu ni vyuma vya pembe, na chini ya kila mguu kutakuwa na boliti ya kuzungusha ili meza ikae sawa hata ardhi ikiwa imelala upande.

Niliona jinsi alivyopapasa kingo zake akiwa amefumba macho. Sikujua kwamba kaka yangu ana mikono ya namna hiyo. Nimekua nikidhani ana nguvu tu.

Jumapili, 13 Machi

Kanisani. Nilisalimia kila mtu na sikusema lolote.

Jumamosi, 19 Machi

Mvua imeanza. Nitaandika yote, kwa sababu nikingoja kesho nitadhani niliota.

Mashine ya kuchomelea ni ya Ishmael, kijana wa kule kwetu Makina, ambaye babake aliisuka kwa mkono kwa waya wa shaba. Huikodisha. Aliileta kwa mkokoteni ikiwa imefunikwa koti la mvua, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Waya ukaingizwa kwa dirisha la Mama Thuo. Mashine ikaanza kunguruma, balbu ya sebuleni ikafifia ikawa nyekundu, na redio ikazama.

"Okeyo, umeua redio yangu," Mama Thuo akaita kutoka ndani.

"Imelala tu, Mama Thuo. Tukimaliza nitakuamshia."

Tulikuwa tumetundika magunia kuzunguka kona, tukasema ni ya kuzuia moto usiumize macho ya watu. Ni kweli. Lakini pia yanazuia watu wasione ni nani ameshika kijiti cha moto. Okeyo alisimama nyuma yangu, akanivika glavu zake, akaushika mkono wangu kama mwalimu anayemfundisha mtoto kuandika. Kijiti kikagonga chuma chenyewe bila kuambiwa.

Sijui nitaliandikaje jambo hili. Kupitia kile kioo cheusi dunia yote ilizimika. Ukuta, magunia, mikono yangu mwenyewe, vyote havikuwepo. Kukawa na nukta moja ya nuru, na ndani ya nuru hiyo kidimbwi kidogo kilichotetemeka, na hicho kidimbwi kilikuwa ni chuma. Kile kile tulichokizamisha kwenye tope kwa uzito wake kilikuwa kimekuwa maji na kinanifuata popote nilipoelekeza mkono. Nilisahau kuogopa. Kisha nikakumbuka, nikaruka nyuma, na giza likarudi.

"Umekiona?" Okeyo akauliza karibu na sikio langu.

"Nimekiona."

"Kikoje siku hizi?"

Nilimwambia kinametameta. Akatikisa kichwa.

Jumapili, 20 Machi

Sikwenda kanisani. Macho yamejaa mchanga usiokuwepo, na machozi yanatoka yenyewe. Kosa ni langu. Kazi ya karani ni kuhakikisha, na mimi jana kabla ya kuwasha kila mstari niliinua kioo nihakikishe kijiti kimekaa mahali pake. Moto haungojei mtu ahakikishe.

Mama Thuo alikuja na viazi vibichi, akavikata vipande vyembamba na kuniwekea juu ya kope. "Waru huvuta moto," akasema. Halafu akamgeukia Okeyo. "Na wewe, unaacha msichana wa ofisi anachungulia hiyo kitu? Ako na kazi ya macho huyu."

"Nilimwambia asiangalie."

"Ulimwambia ukiangalia wapi? Ukuta?"

Viazi vilikuwa baridi na vizuri. Nililala hapo nikifikiri: haya ni maumivu ya siku moja, na Okeyo amekuwa nayo tangu nilipokuwa darasa la sita, akitutumia barua za kusema mjini ni kuzuri.

Jumatatu, 21 Machi

Karani mkuu aliniuliza kama nimefiwa. Nikasema ni mafua.

Jumamosi, 26 Machi

Leo ameniambia nisikilize badala ya kutazama. "Mashine ikiimba kama samaki kwenye mafuta, uko sawa. Ikitapika, umeinua mkono. Ikinyamaza, umekwama." Yeye husikia kosa kabla mimi sijaliona. Lakini ana kiburi kikubwa huyu mtu. Nilipokwama mara ya kumi akasema hata ng'ombe wa babu angekuwa ameshaelewa. Nikamwambia akamlete basi. Akacheka hadi Ishmael akachungulia kwenye magunia.

Miguu miwili imesimama.

Jumamosi, 2 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mashine haikuletwa.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Asubuhi ibada. Mchana tulimaliza miguu yote na fremu. Thuo alikuja kutazama. Ana umri kama wa Okeyo, amevaa viatu visivyopenda tope. Alipima kona kwa hatua zake mbele yetu, makusudi.

"Hapa pataingia vyumba viwili, na choo nyuma," akasema. "Fundi, unasikia?"

"Nasikia," Okeyo akasema akitazama juu ya paa.

Thuo alinigeukia mimi. "Kaka yako ako na dharau, unajua? Mtu anaongea naye, yeye anahesabu mabati."

Nikasema ndivyo alivyo tangu utotoni. Nimekuwa mwongo hodari mwezi huu.

Jumamosi, 9 Aprili

Leo tumeunganisha mabamba mawili ya uso. Yalilazwa juu ya mbao, ukingo kwa ukingo, na mimi nikachomelea mfuo katikati. Okeyo aliniacha peke yangu, akasimama akisikiliza. Nilianza kushoto. Nikaenda kulia bila kusimama ila kubadilisha kijiti, hadi mwisho. Mstari ulitoka umenyooka, mapigo yake yamepangana kama mwandiko mzuri. Nilipogonga magamba yakaanguka na nikaona unang'aa, nilijivunia kuliko siku niliyopata cheti. Okeyo alipitisha kidole chake toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Huyu si karani tena."

Tulipandisha uso juu ya miguu ujaribu kukaa. Tukafunika mashine tukaenda kula.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Nilifika Gatina baada ya ibada nikiwa na mkate. Nikapita magunia nikaiona meza yetu, na katikati yake, juu ya mstari wangu, maji yalikuwa yamesimama kama mto mdogo kutoka kushoto hadi kulia.

Maji hayasimami juu ya kitu kilichonyooka. Nilichukua ubao ulionyooka nikaulaza juu. Kingo zote mbili zilikuwa zimeinuka, katikati pamezama. Meza ilikuwa imejikunja kama kitabu kinachotaka kufungwa, na upande wa kulia, nilikomalizia, ilikuwa imejipinda zaidi. Hakuna aliyeigusa. Ilijikunja yenyewe ikipoa, sisi tukila ugali.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilifikiria kuyafuta maji na kunyamaza. Hangeona. Kweli nilifikiria hivyo, kwa dakika moja. Kisha Okeyo akatoka, akaja moja kwa moja, akaweka kiganja katikati ya maji.

Aliitembeza mikono yote miwili polepole kuelekea kingo, ikipanda, kama mtu anayepapasa tumbo la mgonjwa.

"Uliichomelea kwa mkupuo mmoja," akasema.

"Ulikuwepo. Ulisikia."

"Nilisikia ikiimba vizuri." Akakaa chini kwenye tope. "Karakana nilizofanya kazi nilikuta meza imeshakuwepo. Nimetengeneza kila kitu juu ya meza. Meza yenyewe sijawahi kuizaa."

Hatuna bamba jingine na hatuna namna ya kulipata kabla mvua hazijaisha. Alisema atamwambia Mama Thuo ampe Thuo kona yake. Alisema hayo akinitazama usoni moja kwa moja, maana yake hakutaka kuniona.

Nilikula mkate peke yangu. Nikaitazama ile meza kwa hasira, na hasira ikanifanya niitazame vizuri. Imejikunja kuelekea juu. Nilichomelea juu. Imejipinda zaidi kulia. Nilimalizia kulia, kukiwa kumepata moto kwa muda mrefu zaidi. Chuma hakikuharibika. Kilifuata moto ulikopita, kila mahali, bila kukosea hata kidogo. Niliandika kama tunavyofundishwa kuandika, kushoto kwenda kulia hadi mwisho wa ukurasa, nacho kikatii.

Nilimwendea Okeyo chumbani. "Kama moto huvuta upande wake," nikasema, "tukigeuza meza tukachoma chini yake, itavuta kwenda wapi?"

Alikuwa amelala amegeukia ukuta. Akasema, "Leta viatu vyangu."

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Tuliipindua asubuhi, uso chini mgongo juu. Mama Thuo alilalamika kwamba hata Pasaka redio yake haina amani. Okeyo akamwambia redio nayo imefufuka, itachoka. Alicheka, akatuachia waya.

Safari hii sikuandika. Okeyo alinielekeza: kipande cha urefu wa kidole katikati, kisha ungoje. Kipande mwisho wa kushoto, ungoje. Mwisho wa kulia, ungoje. Usifuate mstari, ruka ruka, usikipe chuma nafasi ya kujua unakwenda wapi. Kati ya kipande na kipande tuliacha hadi aweze kugusa bila kuungua, na hapo ndipo nilipoona.

Niliulaza ubao juu ya mgongo wa meza. Katikati palikuwa pamefura, ubao ukapepesuka. Nikauzuia upande mmoja, upande wa pili ukaacha mwanya, na mwanga wa mchana ukapita chini yake kama chini ya mlango. Nikapiga magoti nikauangalia ule mwanga. Chuma kilikuwa kikipoa na kikilia taratibu, ti, ti, ti. Na mwanga ukawa mwembamba. Sikugusa kitu. Okeyo hakugusa kitu. Bamba zito lililotushinda watu watano lilikuwa linarudi lenyewe, polepole kuliko mshale wa saa, na mimi nikiliona. Nilishikwa na woga ambao sijawahi kuujua, woga usiotaka kukimbia.

"Linatembea," nikanong'ona.

"Najua." Alikuwa amelalia tumbo kwenye tope, kiganja chini ya ukingo. "Linapumua mkononi mwangu."

Jioni tuliipindua. Nikamwaga maji ya sufuria katikati. Yalisita, kisha yakasambaa pande zote sawasawa, membamba kama karatasi, yakadondoka kingo zote nne.

Jumanne, 12 Aprili

Ofisini. Nimevaa mikono mirefu kuficha alama za cheche.

Jumamosi, 23 Aprili

Leo ni kazi ninayoijua. Nimepiga alama kwa tindo kwenye ukingo wa meza: mkato mfupi kila inchi, mkato mrefu kila futi, na kwenye futi ya tatu nukta mbili. Okeyo anazisoma kwa kidole gumba. Katikati tumetoboa matundu yaliyonyooka kwa safu, na amekata vipini vya chuma, kama vigingi vidogo, vya kuchomeka humo. Chuma kikigonga vipini viwili kimenyooka, kikigonga vitatu kimepata pembe ya mraba. Hakuna haja ya kutazama.

Jumamosi, 30 Aprili

Meza imekwisha. Okeyo alifunga mlango wa magunia, akaniambia nikae na nisiseme neno. Akachukua vyuma vinne, akavisukuma hadi kwenye vipini, akapapasa pembe, akaweka ubao wa chuma wa kuegemeza mkono, akawasha. Aliegemea, akasikiliza, mkono ukateleza kando ya ubao. Alipomaliza nilipima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine. Hazikutofautiana hata upana wa uzi.

Nimemjua kaka yangu maisha yangu yote. Leo nilikaa juu ya ndoo nikimwangalia kama mtu anayeangalia mlima asubuhi mawingu yakiwa yameondoka.

Jumamosi, 7 Mei

Mlango wa kwanza wa lango. Mistari ya nyuma anachomelea yeye, ya mbele mimi.

Jumamosi, 14 Mei

Mlango wa pili. Mvua zinapungua. Ishmael anasema Thuo amekwisha kuagiza mawe.

Kitu kimoja kinanisumbua. Lango likitundikwa, Mama Thuo na mwanawe watakuwepo. Nimemsihi Okeyo siku hiyo asitazame kando. "Watazame usoni kama mtu mwenye heshima. Wasipate sababu." Alisema akifanya hivyo hatawaona. Nikamwambia hawatajua. Amekubali ili nimwache alale.

Jumamosi, 21 Mei

Lango limetundikwa.

Watu wengi walikuja kutazama. Mama Thuo alivaa kitambaa kipya. Tulining'iniza mlango wa kushoto, kisha wa kulia, na ilipokutana katikati hapakuwa na nafasi ya kupitisha senti. Thuo alizunguka, akachungulia bawaba, akausukuma mlango ukaenda bila kelele. Kisha akafanya jambo la kiungwana ambalo sikulitarajia: akaja mbele ya Okeyo, akanyoosha mkono juu usawa wa uso, kama vijana wanavyosalimiana.

Okeyo alikuwa akimtazama usoni, sawasawa kama nilivyomwambia. Mkono wa Thuo ulikuwa katikati kabisa ya ule moshi. Okeyo alisimama wima, akitabasamu kwa adabu, mikono yake imening'inia. Thuo akangoja. Watu wakaona. Mkono ukabaki hewani.

Thuo akaushusha. "Umekataa mkono wangu mbele ya mama yangu," akasema. Hakupaza sauti.

Tabasamu la Okeyo likapotea. Alijua kitu kimetokea, hakujua ni kipi.

"Okeyo," Mama Thuo akasema, "mtoto wangu amekukosea nini? Lango nzuri haiwezi kufuta hiyo. Mtu wa kukataa mkono sitaweka nyuma ya nyumba yangu."

Nikaingia kati. Nilisema mkono wake umeungua jana, haushikiki. Nikasema daktari amemkataza. Nilikuwa naongea haraka, uongo mmoja ukisukuma mwingine, na Thuo akaitazama mikono yote miwili ya kaka yangu ambayo haikuwa na jeraha.

"Nyaminwa, nyamaza," Okeyo akasema.

"Wacha nieleze—"

"Umeeleza tangu Machi. Nyamaza." Akageuza kichwa kando kama kawaida yake, akitazama paa la jirani. "Mama Thuo, tuingie ndani ya kiwanja. Wewe na Thuo peke yenu. Filister, funga lango."

Nikalifunga. Watu wakabaki nje. Akawaambia yote, kwa maneno machache kuliko niliyotumia kudanganya. Kwamba anachokitazama hakioni. Kwamba hakuuona mkono. Kwamba akiangalia ukuta ndiyo anamheshimu mtu, maana ndipo anapomwona.

Thuo alirudi hatua moja. "Hii lango imetengenezwa na kipofu?"

"Na kipofu na karani," Okeyo akasema. "Ukiona mahali imepinda, niambie. Mimi sitaona."

Mama Thuo alikwenda kwenye lango, akagusa mstari mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, tena na tena. Mwenyewe nimejaribu, siwezi kusema upi ni wangu na upi ni wake. Alisukuma mlango kwa kidole kimoja ukafunguka kidogo, akauachilia. Ukabaki pale pale alipouachia. Haukurudi wala haukuendelea, kama ufanyavyo mlango usiopinda hata kidogo.

Aliutazama kwa muda mrefu sana mlango ule uliosimama. "Yesu wangu," akasema taratibu. Akaufunga tena.

"Thuo, mpe mkono. Safari hii uupeleke mpaka uguse wake."

Thuo alikwenda. Aliushika mkono wa Okeyo kwa mikono yake yote miwili. "Miezi mitatu nimekuwa nikikutukana," akasema. "Mimi nilijua ni maringo."

"Maringo pia yapo," Okeyo akasema.

"Hayo mawe yako yatajenga kwingine," Mama Thuo akamwambia mwanawe. "Kona ni ya huyu. Na watu wa Gatina wakisikia hii maneno hakuna atakayemletea hata kiti. Mimi napangisha vyumba ishirini, najua ya kila mmoja na siongei. Hii pia siongei. Wewe?"

"Siongei, mama."

"Karani?"

Nilitikisa kichwa kwamba siongei.

Tulipofungua lango, Thuo aliwaambia waliokuwa nje kwamba walikuwa wakizungumzia kufuli.

Jumamosi, 28 Mei

Jua kali kutwa. Okeyo ameanza madirisha ya Thuo.

Ishmael alipokuja kuchukua mashine alikawia, akipapasa alama za ukingoni. Mwishowe akasema babake, yule aliyeisuka mashine, ameanza kumimina vitu nje ya vyombo. Akaniuliza kama naweza kuandika jinsi meza ilivyojengwa. Nikamwambia nimeshaandika, ila nimeandika na mengine. Okeyo ndiye aliyesema nimpe vyote, ampelekee na fundi yeyote anayemjua mwenye shida hiyo.

Basi, wewe ambaye umefika hapa, kama kwako kuna mtu wa namna hiyo, njoo. Usiulize barabarani palipo na fundi asiyeona, hakuna anayemjua. Ulizia ploti ya Mama Thuo, Gatina. Njoo Jumamosi alasiri, siku nyingine niko ofisini, na ofisini usije kabisa. Ukiona nuru ikipasuka juu ya magunia, geuza uso ungoje hadi mashine inyamaze, kisha useme umetumwa na Ishmael. Mimi nitakana kwanza. Vumilia, nitaacha. Na mlete mwenyewe, aje kwa miguu yake na aseme kwa kinywa chake. Usije kumsemea.